Galen: maswali na majibu kuhusu tabibu wa kale ambaye bado yumo hospitalini

Galen alikuwa nani?
Tabibu Mgiriki aliyezaliwa mwaka 129 mjini Pergamon, ambao leo ni Bergama, Uturuki. Alianza kwa kutibu majeraha ya watu waliopiganishwa viwanjani, kisha akahamia Roma na kuwa tabibu wa mfalme Marcus Aurelius.

Aligundua nini ambacho kinatufaa hadi leo?
Kubwa kuliko yote, kwangu mimi, ni jaribio lake la nguruwe. Mbele ya watazamaji alimpasua shingo nguruwe aliye hai, huku anapiga kelele. Akazifunga kwa uzi neva mbili nyembamba zinazopita kando ya koo. Kelele zikakatika, ingawa mnyama aliendelea kupumua. Akilegeza uzi, sauti inarudi. Inaumiza kulisoma, maana ganzi haikuwepo, lakini lilithibitisha kwamba sauti huamrishwa na ubongo, si moyo kama wengi walivyodai.

Neva hizo hizo ndizo daktari anazozichunga anapotoa goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni. Ukishafanyiwa upasuaji huo, sauti ikibaki ya kukwaruza au ukipaliwa kila unapokunywa maji, mwambie daktari. Ukipumua kwa shida, hiyo ni dharura.

Alionyesha pia kwamba ateri hubeba damu, si hewa, na kwamba mkojo hutoka kwenye figo.

Alikosea wapi?
Roma haikuruhusu kupasua maiti za watu, akategemea nyani na nguruwe. Ndipo akaandika kwamba damu hupenya vitundu katika ukuta wa katikati ya moyo. Moyo wenye afya hauna vitundu hivyo. Mtoto akizaliwa na tundu hapo, huo ni ugonjwa.

Nani alimsahihisha?
Ibn al-Nafis mjini Cairo, mwaka 1242, aliandika kwamba damu hupitia mapafuni. Vesalius akafuata mwaka 1543, baada ya kupasua maiti za binadamu, na Harvey mwaka 1628 akaeleza mzunguko wote wa damu. Kinachosikitisha ni kwamba Galen mwenyewe alihimiza wanafunzi wajionee kwa macho yao, nao kwa karne nyingi wakakariri vitabu vyake tu.

Je, mafundisho yake yalifika kwetu?
Yalifika pwani kupitia tiba ya Kiarabu: kwamba afya hutegemea uwiano wa majimaji manne ya mwili, yaani damu, belghamu (kohozi) na nyongo mbili, ya njano na nyeusi, na kwamba kuna vyakula vya moto na vya baridi. Kuchagua vyakula hivyo hakudhuru, mradi mgonjwa anakula vya kutosha. Ila kuumikwa kwa kuchanjwa ili kutoa damu, tiba ambayo Galen aliitetea sana, ni hatari kwa mwenye upungufu wa damu. Pima damu kwanza.