Mjusi wa Kimboza kwenye meza za Hamm: ufugaji wa reptilia unavyobadilika

Mara nne kwa mwaka, mji wa Hamm ulioko magharibi mwa Ujerumani hupokea wageni kutoka karibu kila pembe ya Ulaya ambao hawafuati makanisa wala makumbusho, bali huja kununua, kuuza na kubadilishana mijusi, nyoka, kobe, vyura na buibui. Maonesho hayo yaitwayo Terraristika hufanyika katika Zentralhallen, kumbi ambazo wakulima wa eneo hilo walizizoea kwa minada ya ng'ombe, na kwa miaka mingi yamehesabiwa kuwa miongoni mwa makubwa kabisa ya aina yake duniani. Mtu aliyekulia huku kwetu, ambako nyoka akionekana uani kinachofuata ni kelele na fimbo, hupata taabu kidogo kuamini macho yake anapoona watu wamepanga foleni asubuhi mapema, wengine wamebeba watoto mabegani, ili waiwahi meza ya mfugaji fulani kabla mnyama wanayemtaka hajachukuliwa.

Nilikwenda huko nikiwa mtaalamu ambaye kazi yake ya kila siku ni reptilia waliohifadhiwa katika chupa za kemikali kwenye stoo ya makumbusho, si walio hai, na nilikuwa na sababu moja: wanyama wa Afrika Mashariki, akiwemo mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza mkoani Morogoro, wamekuwa wakifika kwenye meza za namna ile kwa miaka mingi, ilhali wananchi wanaoishi jirani na misitu wanakotoka wanyama hao hawajaelezwa vya kutosha kinachoendelea upande wa pili wa safari.

Jambo la kwanza ambalo mgeni hana budi kujifunza ni kusoma kibandiko. Wanyama wadogo huwekwa mmoja mmoja katika vikombe vya plastiki vilivyotobolewa matundu, na juu ya kikombe huandikwa jina la kisayansi, bei kwa yuro na tarakimu zenye nukta ambazo mwanzoni hufanana na matokeo ya mpira. Tarakimu 1.0 maana yake ni dume mmoja, 0.1 ni jike mmoja, 0.0.3 ni wadogo watatu ambao jinsia yao haijatambulika. Muhimu zaidi ni herufi zinazofuata. NZ ni kifupi cha neno la Kijerumani Nachzucht, yaani mnyama amezaliwa mikononi mwa mfugaji. WF, au Wildfang, ni mnyama aliyekamatwa porini. Kati ya hizo mbili ipo FZ, inayomaanisha mnyama ametoka katika shamba la kuzalishia, na hapa ndipo msomaji anapaswa kuwa makini, kwa sababu shamba si lazima liwe na wazazi wa kudumu. Katika biashara ya chatu wa Ghana, Togo na Benin, kwa mfano, majike yenye mimba na mayai hukusanywa porini, mayai huanguliwa shambani, kisha vitoto ndivyo vinavyosafirishwa.

Vifupi hivyo vitatu vinaeleza sehemu kubwa ya mabadiliko ninayokusudia kuyaandika. Kizazi kilichopita, soko lilijaa wanyama waliokamatwa porini, nao walikufa kwa wingi, kwa kuwa wengi walifika wakiwa na minyoo na upungufu wa maji mwilini, na wanunuzi hawakujua namna ya kuwatunza. Siku hizi mnunuzi makini huuliza kwanza kama mnyama ni wa kuzaliwa kizimbani, na muuzaji asiyeweza kujibu swali hilo hupoteza wateja.

Namna ya kuwatunza nayo imebadilika, na katika kumbi za Hamm hilo linaonekana kwa macho, kwani meza za taa, vipimajoto, udongo, mimea na wadudu wa chakula ni nyingi mno. Taa inastahili maelezo. Mjusi anayeshinda juani hutengeneza vitamini D3 ndani ya ngozi yake kwa msaada wa sehemu ya mionzi ya urujuanimno iitwayo B, na bila vitamini hiyo utumbo wake hauwezi kufyonza kalsiamu ipasavyo hata kama chakula kina kalsiamu tele. Mwili basi huikopa kalsiamu kutoka mifupani. Taya hulainika, miguu hupinda, uti wa mgongo huingia kombo, na mnyama hufa polepole huku mwenyewe akidhani ni mvivu tu. Kumweka dirishani hakusaidii, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia karibu mionzi yote ya aina hiyo. Wafugaji wa leo hununua taa maalumu zinazoitoa mionzi hiyo, hupima nguvu yake kwa kifaa, na hupanga kizimba kiwe na upande wa joto na upande wa ubaridi ili mnyama achague mwenyewe, kama ambavyo mjusi wa ukutani kwetu huhama kutoka juani kwenda kivulini. Mawe ya umeme yaliyokuwa yakipashwa moto chini ya tumbo la mnyama, ambayo yaliunguza wengi, yanaondoka taratibu.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kujenga kizimba chenye udongo hai, mimea ya kweli na wadudu wadogo wa udongoni wanaokula kinyesi na majani yaliyooza, hivi kwamba kizimba hujisafisha kwa sehemu kubwa. Wapo pia wanaoendelea kuwaweka nyoka katika droo za plastiki zilizopangwa kabatini kama nguo, wakisema nyoka hupenda kujificha. Mabishano kati ya pande hizi ni makali. Kwa maoni yangu, nyoka asiyeweza kujinyoosha urefu wake wote maisha yake yote amepangiwa nafasi kwa faida ya anayemfuga, na ushahidi kwamba anakula na kuzaa hautoshi, maana hata kuku wa kwenye vizimba vya waya hutaga.

Upo upande mwingine wa uzalishaji ambao sikuufurahia. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, anayejikunja kama mpira anapoogopa, amegeuzwa kuwa kitambaa cha wachoraji. Tangu wafugaji wa Marekani walipofanikiwa kuzalisha albino wake mwaka 1992, wamechanganya vinasaba hadi kupata rangi na michoro isiyohesabika, na rangi mpya iliyouzwa kwa bei ya gari hushuka thamani kadiri wazalishaji wanavyoongezeka. Mojawapo ya michoro hiyo, inayopewa jina la buibui kwa kuwa mistari yake ni myembamba kama utando, hubeba kasoro ya mizani ya mwili: kichwa cha nyoka hutikisika, hupinduka, na wakati mwingine hushindwa kulenga windo lake. Kasoro hiyo na uzuri huo hutoka katika jeni moja, kwa hiyo hakuna mfugaji aliyeweza kuvitenganisha. Nchini Uingereza chama cha wafugaji kimekataza chatu wa aina hiyo kuuzwa katika maonesho yake, jambo linaloonesha kwamba wafugaji wenyewe wanaweza kuwekeana mipaka bila kusubiri bunge.

Je, kuzaliwa kizimbani kunamaliza kesi? Mara nyingine hukaribia kufanya hivyo. Mjusi wa Kaledonia Mpya mwenye kishungi, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1866 na baadaye kudhaniwa ametoweka, alipatikana tena mwaka 1994. Leo yumo majumbani kote Ulaya na Marekani, na karibu wote ni uzao wa wafugaji. Lakini mjusi mwenye ndevu wa Australia, ambaye huenda ndiye anayefugwa zaidi kuliko mijusi wote, anatoka katika nchi ambayo tangu miaka ya 1960 imezuia biashara ya kusafirisha wanyamapori wake hai, na hivyo walio nje kwa sehemu kubwa ni vizazi vya wanyama waliotoroshwa. Uhalali wa mjukuu haukufuta wizi wa babu, ila muda umepita na hakuna anayeuliza tena.

Hapo ndipo ninapofika Kimboza. Msitu huu wa hifadhi ulioko mkoani Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, una ukubwa wa takriban kilomita nne za mraba tu na umeota juu ya miamba ya chokaa. Ndani yake kuna mikadi mirefu, Pandanus rabaiensis, na katika majani ya mikadi hiyo anaishi mjusi mdogo asiyezidi urefu wa kidole, Lygodactylus williamsi. Dume lake ni la buluu inayong'aa kiasi kwamba asiyewahi kumwona hudhani picha imetiwa rangi. Jike lina rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia. Hapatikani mahali pengine duniani ila hapo na katika vipande vichache vya msitu vya jirani.

Wafugaji wa Ulaya walimgundua kama bidhaa mwanzoni mwa karne hii, na kilichofuata ni somo chungu. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilitoa mijusi isiyopungua 32,310, na pengine hadi 42,610, kiasi kilicholingana na takriban asilimia 15 ya mijusi wote waliokuwepo msituni wakati huo. Kwa kuwa mjusi hujificha katikati ya majani marefu yenye miiba, njia rahisi ya kumpata ilikuwa kuukata mkadi wote. Kila mkadi huwa na dume moja lililokomaa, jike mmoja au zaidi, na watoto. Kuuangusha ni kuibomoa nyumba ili kumtoa mtu mmoja.

Mwaka 2012 mjusi huyu aliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016, na katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka huohuo nchi wanachama zilikubali kumweka katika Kiambatisho cha Kwanza, uamuzi ulioanza kutumika Januari 2017 na unaofunga biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Kobe bapa anayeishi katika nyufa za miamba ya Kenya na Tanzania, ambaye hutaga yai moja kwa kawaida na ambaye wakamataji walimtoa kwa mtaimbo na jeki hadi nyufa zenyewe zikavunjika, alifuata njia hiyo mwaka 2019.

Hata hivyo mijusi ya Kimboza bado hufugwa Ulaya kihalali, kwa kuwa huzaliana vizuri kizimbani. Mwenye kuwauza huko hana budi awe na cheti cha Umoja wa Ulaya kinachoonesha asili yao. Herufi NZ kwenye kikombe ni neno la muuzaji; cheti ndicho kinachobeba uzito wa sheria, na mnunuzi anayekipuuza anaweza kuwa analipia mnyama aliyetolewa mkadini mwaka jana na kubatizwa jina la mzaliwa wa Ujerumani. Kwa wanyama wengi hata cheti hicho hakihitajiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature Communications ulihesabu aina 3,943 za reptilia wanaouzwa, zaidi ya asilimia 36 ya aina zote zinazojulikana, na kuonesha kwamba takriban robo tatu ya aina hizo hazimo katika usimamizi wowote wa biashara ya kimataifa.

Sheria za nchi zinazonunua nazo zinakaza, ingawa mara nyingi kwa hofu ya usalama kuliko kwa huruma ya misitu yetu. Agosti 2019 fira alitoroka katika jengo la makazi mjini Herne, si mbali na Hamm, wakazi wakahamishwa kwa siku kadhaa hadi alipopatikana; kuanzia Januari 2021 jimbo iliko miji hiyo miwili, Nordrhein-Westfalen, likazuia watu binafsi kuanza kufuga nyoka wenye sumu hatari. Nchini Marekani, chatu wa Burma waliotoroka au kuachiwa Florida wameteketeza wanyama wa kinamasi cha Everglades, na tangu 2012 serikali ya shirikisho imezuia uingizaji wao.

Kwa ndugu zetu wanaoishi ughaibuni ambao watoto wao wameanza kudai mjusi au kobe, la kiafya ni fupi: reptilia mwenye afya kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela, hivyo mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa, vyombo vyake visioshwe katika sinki la jikoni, na nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano ni bora isubiri. Muuzaji aulizwe mzazi wa mnyama yuko wapi. Mfugaji wa kweli atajibu mara moja, na mara nyingi atatoa simu yake akuoneshe picha.

Kwa walio nyumbani, kukamata au kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa nchini Tanzania na Kenya, hata kama mnyama ni mdogo kuliko kiganja na mgeni anayemtaka ameahidi fedha. Anayefika kijijini akiulizia kinyonga, kobe au mijusi ya buluu aripotiwe kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Taarifa hiyo ina thamani zaidi ikitolewa kabla ya panga kufika msituni, kwa sababu jike la mjusi wa Kimboza hutaga mayai mawili na kuyagandisha mahali alipoyataga, yasiweze kubanduliwa bila kupasuka. Mkadi ukianguka, mayai huanguka nao.