Lupu ambayo haikuwahi kuwekwa

Karatasi ya ultrasaundi aliyoniletea ilikuwa imekunjwa mara nne, imelegea kwa kushikwashikwa. Mstari wa mwisho ulisema kuna lupu, yaani kitanzi cha kuzuia mimba, kwenye kizazi. Dada huyu hajawahi kuweka lupu maishani mwake. Anatafuta mtoto mwaka wa sita sasa, mumewe ameanza kumtilia shaka, na mawifi walishatoa hukumu zamani. (Nimebadilisha mambo kadhaa asije akatambulika.)

Nilimwomba mume atusubiri nje, nikafunga mlango. Nikamuuliza kama aliwahi kushika mimba. Alikaa kimya, kisha akasema, “Dokta, nilikuwa na miaka 19.” Mimba ya miezi minne iliharibika, akasafishwa, akarudi nyumbani. Mumewe hajui.

Mimba ya umri huo ina mifupa iliyokwisha kuanza kukakamaa. Kipande kikibaki wakati wa kusafisha, hakiozi kama nyama, kinaweza kukaa miaka. Kwenye ultrasaundi kinang’aa na kuacha kivuli nyuma yake, ndiyo maana kinadhaniwa lupu. Na kazi ya lupu kinaifanya kweli: kinausumbua utando wa ndani, mimba haipati pa kujishikiza. Mwanamke anaona siku zake vizuri, mirija imezibuka, mbegu za mume hazina kasoro, na bado hakuna kitu.

Lakini si kila mfupa umetokana na mimba iliyotoka. Utando wa kizazi ukiumia au ukiwa na maambukizi ya muda mrefu, chembe zake zenyewe zinaweza kugeuka zikatengeneza mfupa. Vipimo vya vinasaba vimewahi kuthibitisha kwamba mfupa ni wa mwanamke mwenyewe. Ndiyo maana nawasihi wenzangu: usiandike kwenye faili kwamba mgonjwa alitoa mimba eti kwa sababu umeona mfupa. Faili husomwa na wengi, na sentensi moja inavunja ndoa.

Tulimfanyia histeroskopi, yaani kamera nyembamba inayopita kwenye mlango wa kizazi. Maji yalipokitanua kizazi nikaviona: vijiti vyeupe vimejichomeka ukutani, kama miiba ya samaki iliyobaki kwenye sahani. Nikavivuta kimoja kimoja. Kila kikiangushwa kwenye kibakuli cha chuma kilisikika, na nesi akawa anahesabu kwa sauti ya chini. Wengi wanaotolewa mifupa hii hushika mimba baadaye, tena bila dawa nyingine.

Kukwangua bila kuona sikushauri. Mfupa unaweza kubaki, na kuta zilizochubuliwa zikaota makovu na kushikana. Daktari Mjerumani, Fritsch, alilieleza tatizo hilo mwaka 1894, ingawa leo linaitwa kwa jina la Asherman, aliyeliandikia mwaka 1948. Ukiona hedhi imepungua sana au imekatika baada ya kusafishwa, usisubiri. TB nayo huleta makovu ya namna hiyo, magumu zaidi kutibu. Kama wewe uliwahi kuugua TB, hata ya mapafu, mwambie daktari wako hata asipouliza.

Alipozinduka nilimuuliza anataka nimweleze nini mumewe. Akafikiri kidogo.

“Mwambie hakuna lupu.”

Nikatoka nikamwambia hivyo.