Maana ya opera iliyorekodiwa jukwaani

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao wahusika huimba maneno yao. Opera iliyorekodiwa jukwaani ni onyesho kamili lililofanyika ukumbini mbele ya watazamaji, likanaswa na kamera kadhaa pamoja na sauti ya waimbaji na okestra ya wakati huohuo, kisha likatolewa kwenye diski, televisheni au intaneti. Si kitu kimoja na filamu ya opera. Katika filamu ya opera, kwa kawaida sauti hurekodiwa kwanza studio, halafu waimbaji huigiza mbele ya kamera wakifuatisha kwa midomo, na mandhari yaweza kuwa nyumba au bustani halisi.

La traviata, opera ya mtunzi Giuseppe Verdi, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza huko Venice tarehe 6 Machi 1853, inapatikana kwa namna zote mbili. Franco Zeffirelli aliitengenezea filamu iliyotoka mwaka 1982, yenye majumba ya fahari na mapambo tele. Mwaka 2005, katika tamasha la Salzburg nchini Austria, Willy Decker aliiongoza kwenye jukwaa lililo karibu tupu: ukuta mweupe uliopinda, saa kubwa, na daktari Grenvil, ambaye Verdi alimpa nafasi ndogo tu, akikaa humo muda mrefu kama mauti yanayongoja. Onyesho hilo lilirekodiwa, na Anna Netrebko ndiye aliyeimba nafasi ya Violetta, mhusika mkuu.

Aliyekuwa ukumbini Salzburg aliweza kumtazama Violetta, saa na yule daktari kwa pamoja, au kuchagua mmoja wao. Anayetazama nyumbani hutazama kwa macho ya kuazima, kwa sababu yupo mwongozaji wa picha aliyekwisha kuamua ni lini tuone uso na ni lini tuone jukwaa zima. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kwanza kulielewa katika dhana hii, maana mtu anaweza kulaumu au kusifu jukwaa kwa uamuzi uliofanywa na kamera.

Sauti nayo hubadilika. Mwimbaji wa opera hufunzwa kuimba bila kipaza sauti na bado asikike juu ya okestra nzima; vinasa sauti vinavyowekwa ni vya kurekodi tu. Ile hali ya sauti moja ya soprano, ambayo wanakwaya wetu huiita sauti ya kwanza, kuujaza ukumbi mkubwa haifiki kwenye spika za nyumbani.

Lakini kipo kinachopatikana. Maneno ya Kiitaliano, yaliyoandikwa na Francesco Maria Piave, hufuatana na tafsiri chini ya skrini, na uso ulio mbali ukumbini huja karibu. Faida hiyo huonekana zaidi katika sehemu ya tatu, Violetta anapokaribia kufa kwa kifua kikuu. Anaisoma barua kutoka kwa baba wa Alfredo, mpenzi wake Violetta, inayomwambia kwamba Alfredo atarudi kwake. Haimbi, anaisoma kwa sauti ya kawaida, huku fidla ikirudia taratibu wimbo wa mapenzi wa sehemu ya kwanza. Akimaliza hutamka maneno mawili, «È tardi», yaani wakati umepita, na mtazamaji wa nyumbani huyaona yakipita usoni mwake kabla hajayatamka.