Shangazi, Muuguzi na Mama wa Dagaa: Dhana Potofu Kuhusu Kumfundisha Mtoto Familia na Watoa Huduma

Mada ya familia na watu wanaotuhudumia huonekana nyepesi kuliko zote katika darasa la awali. Bango ukutani, wimbo mmoja, watoto wanaimba "daktari anatibu, mwalimu anafundisha", mada imekwisha. Lakini mtoto wa miaka minne au mitano wa Igogo, Kirumba au Ukerewe, mkoani Mwanza kando ya Ziwa Victoria, anafika darasani akiwajua watu wengi kuliko waliomo kwenye bango. Anamjua anayemwogesha, anayeuza vitumbua njiani, anayepita na mkokoteni wa taka. Kinachobaki ni kumsaidia awataje watu hao kwa majina yao, aone wanavyohusiana, na ajue amwendee nani akipatwa na shida. Dhana zifuatazo ndizo zinazokwamisha kazi hiyo.

Dhana: Familia ni baba, mama na watoto

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, uraia, na kuwajua wazazi waliomzaa pamoja na ndugu wa ukoo wake. Sheria yenyewe haikuishia kwa baba na mama, iweje bango la darasani liishie hapo? Mtoto anayelelewa na bibi, au anayeishi kwa mama mdogo ili awe karibu na shule, akiliona bango hilo hujifunza jambo moja tu: kwao kuna kasoro.

Kando ya ziwa, hata waliomo nyumbani hubadilika kufuata mwezi. Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti vizuri, na wengi husimamisha kazi. Kwa hiyo kuna mtoto ambaye baba yake yuko kambini kisiwani kipindi cha giza, kisha anarudi mbalamwezi ikiwaka. Muulize "Unaishi na baba?" Leo atasema ndiyo, baada ya wiki mbili atasema hapana, na mara zote mbili atakuwa amesema kweli.

Maswali yanayofaa ni yale anayoweza kuyajibu kwa macho yake: Nani hukupa uji asubuhi? Nani anakuogesha? Ukiumwa usiku unamwamsha nani? Kwenu mnalala wangapi? Baada ya maswali ndipo ije karatasi. Mpe isiyo na mistari, achore "watu wa nyumbani kwetu", kisha pita kwa kila mmoja uandike jina analolitaja chini ya kila umbo, kama anavyolisema. Usimwongezee mtu. Akimchora babu aliyefariki, mwache babu abaki. Akimwacha baba, usimuulize mbele ya wenzake. Akimchora mbuzi au mpangaji wa chumba cha pili, andika jina lake pia, kwa sababu kwa umri huo familia ni wale anaowaona kila siku. Kazi ya kuleta picha ya familia kutoka nyumbani ni bora iachwe kabisa. Wengine hawana picha, na kwa wengine picha iliyopo ni ya msiba.

Dhana: Shangazi, mama mkubwa, mama mdogo, yote atayajua akikua, kwa sasa "anti" inatosha

Neno "anti" limeenea mjini hadi mtoto anamwita hivyo dada wa baba, mdogo wa mama, dada wa kazi na mwalimu. Kiswahili kimempa maneno yanayoonyesha njia: shangazi ni wa upande wa baba, mjomba ni wa upande wa mama, mama mkubwa na mama mdogo hupimwa kwa umri wa mama. Mtoto akizoea "anti" na "anko" pekee, anapoteza ramani ya ukoo wake.

Ni kweli kwamba maneno haya ni magumu kwa umri huo, lakini ugumu wenyewe unajulikana. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha tangu miaka ya 1920 kwamba mtoto mdogo anaweza kukwambia ana kaka, ukimuuliza kama kaka yake naye ana ndugu, akasema hana. Bado hajaweza kujiweka upande wa pili. Ndiyo maana sentensi "shangazi ni dada wa baba" inaimbika na isieleweke: baba, kwake, ni baba, hajawahi kuwa mtoto wa mtu.

Tumia visoda, yaani vizibo vya chupa za soda. Weka kisoda kimoja juu, sema: "Huyu ni bibi, mama wa baba." Chini yake weka viwili: "Bibi alizaa watoto wawili. Huyu wa kiume ndiye baba yako. Huyu wa kike walicheza pamoja, walilala nyumba moja." Chini ya baba weka kisoda kidogo: "Huyu ni wewe." Ndipo uulize: "Huyu aliyecheza na baba unamwitaje?" Fundisha uhusiano mmoja kwa siku, na upande wa mama usiuguse mpaka upande wa baba ukae. Kosa la kawaida ni kuchora mti mzima wa ukoo kwa kipindi kimoja. Majina yanagongana, watoto wanaanza kubahatisha.

Maneno ya nyumbani yasikatazwe. Mtoto wa Kisukuma anayemwita mama yake mayu na babu yake guku ana neno la pili kwa mtu yuleyule, na hilo ni faida kwake. Majina nayo ni somo tayari: Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ndiye anayewafuata. Darasa lenye Shija lina hadithi ya familia iliyokwisha kuandikwa ndani ya jina.

Dhana: Mtoa huduma ni mwenye sare

Polisi, muuguzi na askari wa zimamoto wana sare, ni rahisi kuchorwa. Wengi wanaobeba maisha ya kila siku hawana. Anza na kitu kimoja ambacho mtoto anakijua, sahani ya dagaa, kisha rudini nyuma pamoja. Nani aliwapika? Nani aliwauza kwa sado sokoni? Nani aliwaleta? Nani aliwaanika? Nani aliwavua? Nani alitengeneza mtumbwi? Hapo mna watu sita, na huenda watatu kati yao ni mama na baba wa watoto waliokaa darasani.

Mama anayeanika dagaa apewe nafasi yake ya kutosha. Mtoto aelezwe kwamba dagaa wakimwagwa mchangani hubeba mchanga hadi mdomoni, wakianikwa juu ya kichanja hewa hupita chini na juu. Wasipogeuzwa hukauka upande mmoja. Mvua ikiwakuta kabla hawajakauka huharibika, na wengi wa namna hiyo huishia kuwa chakula cha kuku. Akilijua hilo, mtoto anaona kwamba ile si "kukaa juani" tu. Ni ujuzi, na anayeula mlo ule anautegemea.

Vivyo hivyo nyumba zilizojengwa juu ya mawe, milimani. Njia ni ngazi na vichochoro, gari halipandi. Anayeshusha taka kichwani au kwa mkokoteni ni mtu wa afya kama alivyo muuguzi. Moto ukizuka huko, majirani wenye ndoo za maji na mchanga hufika kwanza, zimamoto wakiwa njiani. Waongezwe kwenye orodha.

Kuhusu kazi za kike na za kiume, lugha yetu imeshatusaidia: daktari, nahodha, mpishi, fundi, wote ni "yeye". Picha ndiyo inayochagua jinsia. Ukichora, badilisha, na inatosha.

Dhana: Igizo ni mchezo wa kupumzisha, somo lenyewe ni kukariri

Sentensi "muuguzi anatoa dawa" mtoto ataikariri kwa dakika tano. Akiigiza zahanati ndipo anapogundua kwamba kuna anayeandika kadi, anayepima, anayetoa dawa, na kwamba mgonjwa husubiri zamu. Kona ya zahanati inahitaji boksi moja lililopinduliwa kuwa meza, vigoda viwili, vipande vya karatasi vya kadi, mdoli wa kitambaa, na vitambaa vitatu vya kufungia kidonda, upana wa vidole vitatu na urefu wa mkono. Bomba la sindano lisiwepo, hata jipya. Chupa na pakiti za dawa zilizokwisha pia zisiwepo, kwa sababu mtoto atakayezichezea shuleni atazichezea na nyumbani zikiwa na dawa ndani. Tumia kokoto au mbegu, na zihesabiwe kabla na baada, zisiishie puani.

Watoto wanne au watano wanatosha kwa kona moja: mzazi mwenye mdoli, mpokezi, muuguzi, mtoa dawa, na anayesubiri. Wapeane zamu kila baada ya dakika tano au sita, kipindi kizima kisizidi dakika 20. Kiwango kilichowekwa kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na madarasa mengi hukipita. Hapo usilazimishe wote waigize siku moja. Kona moja igize, waliobaki wachore au wapange kokoto, zamu ziishe ndani ya wiki.

Linaloharibika mara nyingi ni hili: wote wanataka kuwa daktari. Usiwagombeze. Fungia cheo kwenye kitu, kwa mfano kipande cha kanga begani. Mwenye kanga ndiye muuguzi, ikivuliwa zamu imepita. La pili, igizo hudorora kila mtoto akirudia kitu kilekile. Leta shida ndogo: "Dawa imekwisha, mtafanyaje?" au "Mgonjwa huyu anaongea Kisukuma tu, nani atamsaidia?" La tatu ni mwalimu mwenyewe kugeuka daktari mkuu na kuongoza kila tendo. Kaa kwenye kigoda cha mgonjwa, subiri uitwe.

Dhana: Ziara ya mwaloni ni bora kuliko mgeni darasani

Kwa watoto wadogo mara nyingi ni kinyume. Mialo, yaani fukwe wanakotua wavuvi, ina boti zinazoingia na kutoka, ndoano, mafuta, na maji. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani hukaa konokono wanaoeneza kichocho, na vimelea hupenya ngozi bila mtoto kuhisi. "Waloweshe miguu kidogo tu" ndipo ugonjwa unapoanzia. Kama ziara ni lazima, kila watoto watano wawe na mtu mzima wao, wasimame pakavu, wakae nusu saa, warudi.

Mgeni darasani ni rahisi kumpanga. Mwombe alete vitu viwili vya kazi vinavyoshikika: mvuvi alete kipande cha nyavu na jaketi okozi, fundi cherehani alete futi ya kupimia na kitambaa. Mweleze mapema aongee dakika tano, kisha aonyeshe. Siku iliyotangulia watoto watayarishe maswali matatu, la sivyo watauliza "unaitwa nani?" mara kumi na tano.

Dhana: Mtoto hutulia akitishwa na polisi na sindano

"Nyamaza, polisi anakuja." "Ukilia daktari atakuchoma." Mtoto hutulia kweli, kwa dakika mbili. Kisha siku anapopotea katika msongamano wa soko la Kirumba au stendi ya Nyegezi, akimwona polisi anajificha chini ya meza. Na anapopelekwa kliniki anapigana na muuguzi kabla hajaguswa. Tulichokijenga kwa vitisho hakifutwi na wimbo wa "polisi ni rafiki yetu". Inabidi vitisho vyenyewe viachwe, na ukweli usemwe: sindano itauma kidogo, utahesabu hadi tano, itakwisha.

Dhana ndugu yake ni kwamba mtoto mwenye adabu hutii kila mtu mzima. Kuamkia ni adabu, na "shikamoo" idumu. Kumfuata mtu ni jambo jingine. Mtoto ajue kwamba mtoa huduma wa kweli hamwambii amfiche mama siri, na kwamba ana ruhusa ya kukataa na kupiga kelele hata kama aliyemwita ni jirani, ndugu au mtu mwenye sare.

Fundisha kupotea kama igizo, mara kwa mara. Kwanza, simama ulipo, usikimbie. Pili, ita kwa sauti jina la mzazi, na hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa mtoto anamjua mama yake kama "mama" au "mama Doto" tu. Ajifunze majina mawili kamili ya mama. Tatu, mwendee mama mwenye meza ya biashara au mwenye mtoto wake, kwa sababu hatoki pale alipo, au askari. Nne, taja mtaa pamoja na alama: "Mabatini" peke yake ni kubwa mno, "Mabatini, karibu na mashine ya kusaga" inafika. Tano, namba ya simu ya nyumbani: tarakimu kumi, ziimbwe kwa mafungu ya nne, tatu na tatu, ndivyo zinavyokaa kichwani.

Namba za dharura ziandikwe ukutani kwa maumbo makubwa pamoja na mchoro: 114 zimamoto, 112 polisi, 116 huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure. Mtoto wa miaka mitano azitambue na kuzibonyeza kwenye simu ya boksi, iliyochorwa vitufe, mpaka vidole vizoee. Namba ya mzazi ikaguliwe upya kila muhula unapofunguliwa, maana laini hubadilishwa, na mtoto ataendelea kuimba ile ya zamani.