Mnataka kura ya maoni? Haya, niandikieni swali

Juzi baada ya Isha, barazani Wete, nimeambiwa tena. Mara hii na kijana wa watu, mwalimu wa skuli, mwenye akili zake timamu: "Ami, haya mambo ya Muungano nyinyi wanasheria mnayatia ugumu tu. Ipigwe kura ya maoni, upande uliozidi umeshinda, basi. Wengi wape."

Maneno haya nimeambiwa kwenye boti, nimeambiwa msibani, na mara moja nimeambiwa na mng'oa meno huku mdomo wangu umejaa pamba. Kazi yangu ni sheria za katiba na uchaguzi, miaka ishirini na ushee sasa. Kwa hivyo juzi sikubishana. Nilichomoa bahasha mfukoni, nikampa kalamu, nikamwambia: niandikie swali hilo litakaloulizwa. Bahasha tutairudia.

Wote wanaosema hivi wana mfano mmoja mkononi: 31 Julai 2010. Siku ile Wazanzibari tuliulizwa kama tunataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema Ndiyo. Miezi mitatu baadae ukaja uchaguzi mkuu. Shein wa CCM akapata asilimia 50.1, Maalim Seif wa CUF 49.1, na kwa mara ya kwanza tangu vyama vingi virudi, aliyeshindwa akampa mkono aliyeshinda. Kwa mtu anayekumbuka uchaguzi wa 1995, 50.2 kwa 49.8, na anayekumbuka Januari 2001 waandamanaji walipopigwa risasi hapa Pemba, lile lilikuwa jambo la kulia machozi. Mie nililia, sioni haya kusema.

Lakini hebu tazameni tarehe. Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu tarehe 5 Novemba 2009. Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio Januari 2010. Ndipo Julai tukaitwa vituoni, na tulipofika, wakubwa wa CCM na wakubwa wa CUF wote wako upande mmoja wanatuomba Ndiyo. Tuliitwa kushuhudia ndoa ambayo posa ilishakubaliwa na mahari yalishalipwa. Na juu ya hayo yote, theluthi nzima ya wapiga kura ikasema Hapana! Wazee wote wawili wanawaomba, na mtu mmoja kwa kila watatu anakataa. Hesabu hiyo barazani haitajwi.

Halafu kuna Butiama. Machi 2008, Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Butiama ikasema suala la kugawana madaraka Zanzibar liende kwenye kura ya maoni. CUF walikataa katakata, wakaona ni njia ya kuuzika mwafaka uliokuwa mezani. Visiwa ni hivi hivi, jambo ni lile lile, chombo ni kile kile, na kati yake ni miaka miwili tu. Mara ya kwanza kura ya maoni iliwatenganisha, mara ya pili ikawafunga pamoja. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili wenyewe walikuwa wameshapatana. Muhuri haujapata kuandika barua hata siku moja.

Sasa nije kwenye hilo la "wengi wape", maana ndilo linalonikosesha usingizi. Wengi wa wapi?

Nendeni jirani hapo, Komoro. Desemba 1974 Ufaransa iliwauliza kama wanataka uhuru. Ukivijumlisha visiwa vyote vinne, karibu watu 95 katika kila 100 walisema ndiyo. Ukikitoa kisiwa cha Maore (Mayotte) ukakihesabu peke yake, karibu 64 katika kila 100 walisema hapana. Ufaransa, aliyeitisha kura, akachagua kuhesabu kisiwa kwa kisiwa. Wakomoro wakajitangazia uhuru Julai 1975, Maore ikabaki kwa Mfaransa, Umoja wa Mataifa ukapinga, na mpaka leo watu wanazama na vidau vya kwasa wakivuka kutoka Nzwani kwenda Maore, safari ambayo zamani ilikuwa ya kwenda kumuamkia shangazi. Kura ilikuwa moja na majibu yakatoka mawili, na ukiyapeleka yote mawili kwa mwalimu wa hesabu atayapa vema. Swali la nani ahesabiwe na nani lilikwishaamua mambo kabla sanduku halijafunguliwa, na swali hilo halikuwamo kwenye karatasi ya kura.

Kwetu sheria ililiona hili, tuwape haki yao. Sheria ya Kura ya Maoni ya 2013, iliyotungwa kwa ajili ya Katiba mpya ya Muungano, ilitaka zaidi ya nusu ya kura Tanzania Bara na zaidi ya nusu ya kura Zanzibar, kila upande mbali. Bila sharti hilo hamna haja ya kutupa hata karatasi: sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, na sisi huku tulikuwa milioni 1.3. Tungepotea kama chumvi baharini. Kwa sharti hilo, Wazanzibari peke yao wanaweza kuzuia jambo wanalolitaka mamilioni ya Bara. Je, ni haki? Mie nasema ndiyo, kwa sababu zilizoungana ni nchi mbili, na nchi haipimwi kwa kilo. Lakini mtu wa Mwanza akinuna simlaumu.

Na hapa ndipo mwenzenu ninapokwama. Kama tunadai Zanzibar ihesabiwe mbali isimezwe na Bara, tutamjibu nini Mpemba atakayedai Pemba ihesabiwe mbali isimezwe na Unguja? Darasani nina jibu, zuri tu: Zanzibar ni dola moja, sharti la pande mbili linafuata walioungana, wala halifuati jiografia. Wanafunzi wanaandika, wanaondoka. Mie Mpemba, nikilala usiku jibu lile linanitazama. Sina jingine.

Kuna na jambo la yule anayeandika swali. Tume ya Jaji Warioba ilipokusanya maoni ya Katiba mpya, kati ya Wazanzibari waliozungumzia muundo wa Muungano, asilimia 60 walitaka muungano wa mkataba, yaani nchi mbili kamili zinazoshirikiana kwa makubaliano, 34 wakataka serikali mbili kama zilivyo. Tume yenyewe ikapendekeza serikali tatu: ya Bara, ya Zanzibar na ya Muungano. Bunge Maalum la Katiba, Oktoba 2014, likapitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili. Kura ikapangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haujakamilika, na toka hapo haijapigwa. Ingepigwa, wale asilimia 60 wangepewa kitabu kizima cha Katiba na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Walichokitaka hakina kisanduku. Asemaye Hapana kwa kutaka mkataba na asemaye Hapana kwa kutaka serikali tatu wangehesabiwa kundi moja, na kesho yake kila mtu angejifasiria.

"Basi ami, tuamue kwa uchaguzi mkuu." Hapana, subiri. Uchaguzi mkuu ni kununua kapu zima kwa ajili ya embe moja. Mtu anapiga kura kwa bei ya karafuu, kwa ajira ya mwanawe, kwa chama alichofia babaake, na asubuhi mshindi anasema wananchi wameridhia Muungano. Hata viti vyenyewe vinadanganya: Julai 1963 chama cha ASP kilipata asilimia 54 ya kura na viti 13, wenzao wa ZNP na ZPPP wakapata viti 18 na serikali. Kilichofuata Januari 1964 mnakijua: Mapinduzi.

Na uchaguzi mkuu unaweza kuyala maamuzi ya kura ya maoni bila kuyagusa. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, ukarudiwa Machi 2016, CUF wakasusia. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, hakuna chama kingine kilichofika asilimia 10 inayotakiwa ili kuingia serikalini, na ile serikali ya umoja waliyoiridhia wananchi 2010 ikakaa bila mpinzani wa kuwa Makamu wa Kwanza mpaka Disemba 2020. Kifungu cha 80A cha Katiba yetu ya Zanzibar kinasema baadhi ya vifungu Baraza haliwezi kuvibadilisha mpaka wananchi waulizwe kwa kura ya maoni. Hakikuguswa hata herufi. Kinalinda maneno, hakiwezi kumlazimisha mtu aje mchezoni.

Waingereza nao, kwa ufupi: 23 Juni 2016 asilimia 51.9 walisema watoke Umoja wa Ulaya. Watoke vipi, karatasi haikusema. Iliwachukua mpaka 31 Januari 2020, na chaguzi kuu mbili njiani.

Nikiri jingine, maana nimeshaanza. Tume ya Jaji Nyalali, 1991, iliyouliza watu kama vyama vingi virudi, ilikuta kwamba zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni nchini walitaka chama kimoja kiendelee. Viongozi wakafuata wachache, na 1992 tukapata vyama vingi. Mie nilifurahi. Mie huyu huyu ninayewahubiria wanafunzi ridhaa ya wananchi nilishukuru kwamba wengi hawakupewa. Sijui niliweke wapi jambo hili.

Wala sisemi watu wasiulizwe. Tarehe 26 Aprili 1964 hakuulizwa mtu, na kidonda hicho ndicho kinachowafanya vijana wadhani kura itakiponya kwa siku moja. Kuulizwa wana haki. Mie nataka tu wajue kwamba kazi ni kabla ya karatasi.

Sasa bahasha. Mwalimu aliandika kwa mwandiko wa ubaoni: "Je, unautaka Muungano?" Mzee mmoja pembeni akauliza, upi, huu au wa mkataba? Mwalimu akafuta, akaandika mkataba. Mwengine akasema tia na serikali tatu, kuna wanaozitaka. Akatia. Mzee akasema sasa Ndiyo na Hapana zitakaaje hapo? Kimya. Muuza kahawa, Mtumbatu, mtu wa kile kisiwa kidogo karibu na Unguja, alikuwa akikusanya vikombe. Akauliza kwa adabu kama Tumbatu itahesabiwa peke yake au na Unguja.

Mwalimu akasema atalimaliza kesho. Kesho imepita, na bahasha ninayo mie.