Tairi la daraja la kati kwa gari la zamani: mshiko kwanza, udumu baadaye

Wenye magari ya zamani huniuliza kuhusu matairi kwa namna mbili. Mmoja anasema gari lenyewe limeshachoka, mpe tairi lolote jipya la bei ya chini. Mwingine ana hofu, anataka jina kubwa kuliko yote hata kama itabidi akope. Wote wawili wanapima tairi kwa thamani ya gari, na kipimo hicho hakina maana. Tairi linabeba uzito uleule, linafunga breki kwenye lami ileile na kukutana na mvua ileile, gari liwe limetoka kiwandani mwaka huu au miaka 25 iliyopita.

Tena gari la zamani ndilo linalolitegemea tairi zaidi. Mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari lisiserereke uliingia kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1995, ukianzia kwa Mercedes-Benz za bei kubwa. Marekani iliulazimisha kwa magari madogo yote mapya kuanzia modeli za 2012, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2014. Kwa hiyo magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya hapo hayana mfumo huo, na mengi ya miaka ya 90 hayana hata breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasifunge kabisa. Katika gari jipya, tairi dhaifu likianza kuteleza kompyuta hupunguza nguvu ya injini, huikamata breki ya gurudumu moja, na dereva pengine hajui kama aliponea chupuchupu. Katika gari la zamani kuna mguu wako na vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa barabara kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja.

Ndiyo maana nikiwa na bajeti ndogo ya kumnunulia mtu tairi, fedha naziweka kwenye mshiko wa barabara yenye maji. Sizitumii kutafuta tairi litakalodumu kuliko yote, ingawa hicho ndicho wauzaji wengi hupigia debe. Gari la zamani mara nyingi linatembea kidogo: sokoni, kazini, safari ya mara mojamoja. Mpira wa tairi utakakamaa kwa umri kabla kashata, yale matuta ya mpira yanayogusa barabara, hazijaisha. Ukilipia kilomita ambazo hutazitembea, na ukapewa mpira mgumu ili zipatikane, umelipa mara mbili. Anayefanyia gari biashara na kutwa yuko barabarani ana hesabu nyingine. Huyo udumu unamhusu, ila hata yeye asiuweke mbele ya breki.

Ugomvi huu kati ya mshiko na udumu unatokana na mchanganyiko wa mpira wenyewe. Zamani kijazo kikuu kilikuwa masizi meusi ya kaboni. Masizi huliongezea tairi uimara, lakini ukitaka lishike vizuri kwenye maji unalazimika kukubali liishe haraka au linywe mafuta zaidi. Mwaka 1992 Michelin ilileta tairi lenye silika nyingi, unga wa madini uleule wa mchanga, badala ya sehemu ya masizi, na ikawezekana kupata mshiko bora kwenye maji pamoja na mzunguko mwepesi bila kupoteza udumu mwingi. Shida ni kwamba silika haipatani na mpira kirahisi. Inahitaji kemikali ya kuiunganisha, na uchanganyaji unaochukua muda na uangalifu. Hapo ndipo kiwanda cha bei ya chini kabisa hubana gharama. Kashata zake zinaweza kufanana sana na za tairi la maana, hata mchoro ukawa umeigwa, lakini mpira wenyewe hauonekani kwa macho. Utauona siku ya mvua, mtoto akikimbilia mpira barabarani.

Hivyo hatua kutoka bei ya chini kabisa kwenda daraja la kati inakununulia mita za breki. Hatua ya kutoka daraja la kati kwenda juu nayo ina faida zake: utulivu kwenye mwendo mkali sana, ukimya ndani ya gari, ubora unaodumu hata kashata zikipungua. Sizibezi. Ila sedani ya lita 1.5 yenye miaka 20 haina nguvu ya kuzitumia nyingi kati ya hizo, na mlio wa mlango wake unazidi mlio wa tairi lolote.

Majina ya daraja la kati yako ya aina mbili. Kuna wadogo wa kampuni kubwa: Firestone ilinunuliwa na Bridgestone mwaka 1988, BFGoodrich na Kleber ni za Michelin, Barum, Semperit na General Tire ziko chini ya Continental, Cooper iliingia mikononi mwa Goodyear mwaka 2021. Mara nyingi wadogo hawa hupewa teknolojia ambayo mkubwa aliitumia kwenye kizazi kilichopita cha matairi yake, na kwa gari la zamani hilo si tatizo hata kidogo. Kisha kuna kampuni zinazojitegemea: Hankook, Kumho na Nexen za Korea Kusini, Toyo ya Japani, Sumitomo inayomiliki jina la Falken, Maxxis ya Taiwan, Apollo ya India ambayo tangu 2009 inamiliki pia Vredestein. Usichukue orodha hii kama cheti. Kampuni moja hutengeneza modeli nzuri na modeli ya kawaida tu, kwa hiyo uliza jina la modeli, kisha tafuta majaribio ya breki kwenye maji yaliyofanywa na magazeti ya magari au vyama vya madereva.

Usipopata jaribio, soma alama. Matairi yanayouzwa Ulaya yana lebo yenye herufi kuanzia A hadi E kwa mshiko wa maji. Mpangilio huo wa sasa ulianza Mei 2021. Mimi huanzia A na B, nikishuka ni C, basi. Angalia lebo ya saizi yako hasa, maana modeli ileile inaweza kupata B kwenye saizi moja na C kwenye nyingine. Mfumo wa Marekani hupigwa chapa ubavuni mwa tairi: namba ya uchakavu, halafu AA, A, B au C ya mshiko, halafu herufi ya kuhimili joto. Ile ya mshiko hupimwa kwa gurudumu lililofungwa breki likaburuzwa kwenye lami na zege zilizoloweshwa. Haisemi lolote kuhusu kona. Lakini kwa gari lisilo na ABS, ambalo magurudumu hufunga kweli ukikanyaga kwa nguvu, ni kipimo kinachokuhusu kuliko mwenye gari jipya. Namba ya uchakavu ichukulie kwa tahadhari. Tairi hutembezwa takribani kilomita 11,600, kilichobaki kinakadiriwa, na kampuni yenyewe ndiyo inayojipa daraja. Kulinganisha 400 ya kampuni moja na 500 ya nyingine hakukupi mengi.

Sasa tarehe, ambayo wanunuzi wengi huiruka. Tafuta neno DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, liache hapohapo. Saizi za magari ya zamani, hasa za ringi 13 na 14, hazitoki haraka dukani, kwa hiyo ndizo zinazolala ghalani muda mrefu. Tairi likitunzwa kivulini mbali na joto, mwaka mmoja au miwili si neno. Likizidi mitatu, naomba jingine au naomba bei ishuke. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6 hata kama kashata zipo, na Michelin husema lisivuke 10 kwa hali yoyote. Lichungulie na la spea, kwani mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote garini.

Kuhusu tairi lililotumika, sina mengi: silipendekezi. Nyuzi zilizokatika ndani baada ya kugonga shimo hazionekani kwa nje.

Saizi iko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari, pamoja na upepo unaotakiwa. Upepo ulioandikwa kwenye tairi lenyewe ni ukomo wake, si kiasi cha kujaza. Katika 195/65 R15 91H, 195 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu, 15 ni ringi kwa inchi, 91 ni mzigo wa kilo 615 kwa kila tairi na H ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. Usishuke chini ya mzigo na mwendo ambao gari limepangiwa. Saizi ya asili ikikosekana kuna njia ya halali: 185/70 R14 ina kipenyo cha milimita 614.6, na 195/60 R15 ina 615. Ukipata ringi 15 zinazolingana na gari lako, spidomita haitadanganya, na utaingia kwenye saizi yenye modeli nyingi za kuchagua. Hakikisha tu tairi haligusi fenda usukani ukikatwa hadi mwisho.

Kabla ya kulipa, mpe fundi akague bushi, boljointi na shokapu. Shokapu zilizokufa hufanya gurudumu lidunde, na tairi linalodunda halishiki, liwe la Michelin au la jina usilolijua. Alaimenti ikiwa mbaya, tairi jipya linaweza kuliwa upande mmoja ndani ya miezi michache. Mara nyingine nimemshauri mtu anunue matairi mawili badala ya manne ili fedha iliyobaki itengeneze mbele ya gari.

Na ukinunua mawili, yafungwe nyuma. Najua fundi wako atabisha, hasa gari likivutwa na magurudumu ya mbele, kwa kuwa ya mbele ndiyo yanayoisha haraka. Ila fikiria maji yakijaa barabarani. Mbele ikipoteza mshiko, gari linaenda moja kwa moja, nawe unaondoa mguu na kusubiri lirudi. Nyuma ikipoteza mshiko, gari linageuka, na kwenye gari lisilo na mfumo wa kulizuia wachache tu watawahi kulirudisha. Yaliyobaki mbele yawe bado na kashata za kutosha. Kisheria nchi nyingi huruhusu hadi milimita 1.6 kutoka takribani 8 za tairi jipya. Mimi hubadilisha zikifika 3, kwa sababu mifereji ikiwa mifupi maji hayana pa kupita.

Siku ya kufunga, dai valvu mpya, kwani mpira wa valvu huzeeka sawa na wa tairi. Dai balansi kwa kila gurudumu. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, kaza nati tena. Na kilomita mia chache za mwanzo usikimbie, hasa mvua ikinyesha: uso wa tairi jipya bado una mabaki ya kilainishi cha kulitolea kwenye kalibu, na mshiko ulioulipia haujafika.