"Nitafidia Nikirudi Kazini": Dhana Potofu Kuhusu Uzazi na Kustaafu

Katika kazi yangu ya kushauri watu kuhusu pensheni, hakuna kauli inayonichosha kama hii: "Niliacha kazi miaka michache tu nilee watoto, nitafidia baadaye." Naisikia hata kwa wahasibu.

Haya, tuhesabu. Mchango wa 100 uliowekwa ukiwa na miaka 30, ukikua kwa asilimia 5 kwa mwaka, unafika takriban 432 ukiwa na miaka 60. Mchango huohuo ukiuweka una miaka 50 unafika 163 tu. Ili kuziba pengo la mchango mmoja wa ujanani utahitaji kuweka zaidi ya mara mbili na nusu yake, tena wakati watoto walewale wanadai ada ya chuo.

Mafao yanayokokotolewa kwa miaka ya kazi na kipato nayo hayasamehi. Marekani, wastani huchukuliwa kwenye miaka 35 yenye kipato kikubwa zaidi, kwa hiyo aliyefanya kazi miaka 28 anaingiziwa sifuri kwa miaka saba iliyobaki. Isitoshe, anayerudi kazini mara nyingi huanza ngazi ya chini, au huchukua saa pungufu. Takwimu za Denmark zimeonyesha kwamba baada ya mtoto wa kwanza kipato cha mama hubaki nyuma kwa takriban asilimia 20 kwa miaka mingi, huku cha baba kikiendelea kama kawaida. Ndiyo maana baadhi ya walioacha kazi kwa ajili ya watoto hulazimika kuchelewa kustaafu.

Na nakusihi: ukiacha kazi, usikimbilie kutoa michango yako. Iache kwenye mfuko wa pensheni ikue. Ukienda likizo ya uzazi, omba taarifa ya michango kabla na baada, uone kama mwajiri aliendelea kuwasilisha.

Kuna dhana nyingine ninazozisikia. "Miaka ya kulea inahesabiwa kwenye pensheni." Inategemea uko wapi. Ujerumani humhesabia mzazi miaka 3 kwa kila mtoto aliyezaliwa kuanzia 1992. Uingereza huhesabu hadi mtoto afike miaka 12, ila kwa kawaida uwe umeomba posho ya mtoto ya serikali. Kuna nchi ambako huhesabiwi hata siku moja.

"Mwanamke hustaafu mapema kisheria." Uingereza umri wa pensheni ya serikali kwa wanawake ulikuwa 60; kufikia Oktoba 2020 ulikuwa 66, sawa na wanaume.

"Pensheni ya mume inatosha." Wanawake kwa wastani huishi muda mrefu zaidi, na wengi wameolewa na waliowazidi umri. Mume akitangulia, mjane kwa kawaida hupata sehemu tu ya pensheni ile.

"Kuchelewa kuzaa hakubadilishi kitu." Aliyejifungua akiwa na miaka 41 atafika 60 mtoto ana miaka 19, hajamaliza masomo. Tarehe ya mtoto kumaliza masomo iingizwe kwenye mpango wa kustaafu tangu mtoto anapozaliwa.